Mabungo ya Korongoni

Ukingo wa barabara ulimeguka kama kiporo cha ugali, lori likaporomoka na magunia yake ya mpunga hadi korongoni. Dereva alikufa palepale. Wakabaki wawili: Kornel, mkulima wa Kaoze, mbavu zikimchoma kila akivuta pumzi, na Atusaye, nesi wa mjini Sumbawanga, mguu umevunjika chini ya goti. Tangu enzi za ruksa zianze, greda halijaonekana mteremko ule. Wakubwa walisema sasa kila kitu ni soko. Labda barabara nayo ilikuwa inangoja mnunuzi.

Dumu la maji lilipasuka.

"Mzee, kiu," Atusaye alisema siku ya pili, midomo imechanika.

Kornel alimtazama. Alimtambua tangu walipopanda lori, ila nesi hakumkumbuka. Mwaka jana, Klementina, mke wake, akiwa hoi wodini, ni nesi huyuhuyu aliyesema, "Dripu hakuna. Kanunue nje." Kornel alizunguka maduka ya dawa asubuhi nzima. Aliporudi na chupa mkononi, shuka lilishavutwa juu ya uso. Sasa hasira aliitafuta, hakuikuta. Ndani mlikuwa kimya kama ghala lililokwisha nafaka.

Kando yao mbungo ulikuwa umejisokota kwenye mti mrefu. Matunda ya chini nyani walishamaliza. Ya njano yalining'inia kileleni.

"Ukate, tunywe maji yake."

"Hauna maji, nesi. Una ulimbo. Na nikiukata, nitapandia nini?"

Alipanda kwa kuushika mbungo wenyewe, jicho moja limefumba kwa maumivu. Akaangusha tisa. La kwanza alilipasua kwa jiwe, akamtia kokwa mdomoni.

"Fyonza."

"Uwii, chachu!" Uso ulimkunjamana. "Nawe kula, mzee. Ukifa, nani atanipandia?"

Akala.

Siku ya tatu wachungaji wa Kisukuma waliotafuta ndama wakawakuta, wakawabeba kwa machela ya fito hadi barabarani.

Hospitalini kulekule, nesi wa zamu hakuinua macho. "Baba, dripu hakuna. Kanunue nje."

Atusaye akamwangalia Kornel. Akamwangalia sana.

"Yule mama wa kitanda cha dirishani," alisema.

"Ndiye."

Atusaye akageukia ukutani. Kornel akaweka bungo la mwisho kando ya mto wake wa kulalia, akatoka. Duka alishalijua. Safari hii hakuzunguka.