Picha Isiyo na Mishumaa

Kila Siku ya Marehemu, Mayumi alikuwa na kazi moja tu: kukusanya nta. Alipita kaburi hadi kaburi akiokota nta iliyodondoka kwenye mishumaa, akaifinyanga kuwa donge. Jioni hiyo mji mzima ulikuwa umehamia makaburini na vyungu vya wali na magitaa. Mishumaa iliwaka hadi kwenye ukuta wa makaburi, na katika moshi wake watu walionekana kama wanaelea. Mayumi alitamani jioni hiyo isiishe.

Mama yake mdogo, Belen, alikaa kando ya kaburi la babu akiitabasamia simu. Belen alikuwa fundi cherehani, lakini tangu ampate Renato mtandaoni, sare za wanafunzi zililala bila vifungo. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Renato akichelewa kuandika, Belen hakuweza hata kula.

"Mama mdogo, njoo ule!" Mayumi alimwita.

"Subiri kidogo. Na yeye yuko makaburini kwao Batangas, na ukoo mzima. Ona kaburi la mama yake lilivyobomoka, maskini!"

Kesho yake mnunuzi angekuja kuchukua cherehani ya Belen, ili Renato apate pesa za kulijenga kaburi hilo. Bibi Pacing, mama yake Belen, alikuwa amemkataza mpaka sauti ikamkauka. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Mayumi aliinamia picha ambayo Renato alikuwa ameituma jioni hiyo. Kaburi lilikuwa peke yake katikati ya majani.

"Nta iko wapi?" aliuliza.

"Wewe na nta yako!"

"Hakuna mshumaa hata mmoja, mama mdogo. Wala watu hakuna. Leo hii? Hata marehemu asiye na ndugu leo huwashiwa!"

Belen akapiga simu ya video, ikaita, ikakatwa. Akaandika, "Mwashie mama mshumaa mmoja, nione." Renato akajibu kwamba asiyemwamini hampendi. Belen akaomba tena. Mara picha ya Renato ikatoweka kwenye simu; alikuwa amemfungia Belen asiweze kumpata tena.

Belen alilia kwa uchungu mbele ya watu wote.

"Kila siku aliniuliza kama nimekula," alisema. "Sasa nani ataniuliza?"

"Hata mimi nakuuliza kila siku, mwanangu," alisema Bibi Pacing. "Ila mimi nakuuliza nikiwa nimeshika sahani."

Akamwekea wali wa kunata mapajani, kisha akamgeukia Mayumi.

"Na wewe sikia, mjukuu wangu, maana siku moja utakuwa na simu yako. Maneno matamu hayana gharama. Anayekupenda kweli atakuonyesha uso wake, wala hatakwambia uuze riziki yako. Na ukiona huwezi hata kula bila mtu usiyemjua, tuambie mapema. Sisi tupo."

Belen alikula, machozi yakidondokea kwenye wali.

Asubuhi Mayumi aliamshwa na mlio wa cherehani. Mnunuzi alikuwa ameshaondoka mikono mitupu.