Simu Sita za Mhandisi

Ujumbe uliingia saa nane kasoro robo mchana, jua likiwa la utosi.

"Karibu. Sasa unatumia mtandao wa nchi jirani. Furahia huduma zetu."

Mwiba alikanyaga breki. Hilux ikaserereka kwenye vumbi na kusimama katikati ya barabara.

Mpaka ulikuwa kilomita arobaini mbele yake.

Aliusoma ujumbe mara ya pili. Alikuwa na miaka kumi na mmoja katika kazi ya ujasusi, na katika miaka hiyo alikuwa amedanganywa na mabalozi, wauza silaha na mume mmoja. Sasa simu nayo ilitaka kujaribu. Mnara wa nchi jirani haufiki kilomita arobaini, tena na milima miwili katikati. Basi kulikuwa na mtu hapa hapa karibu aliyekuwa anajifanya mnara wa jirani.

Thuraya ikalia kwenye kiti cha pembeni. Hiyo ilikuwa simu ya satelaiti, na aliyekuwa na namba yake ni mtu mmoja tu.

"Mwiba nasikiliza."

"Ng'oa kisiki kabla ya saa kumi," alisema Mkuu wake. "Kisha rudi."

Kisiki lilikuwa jina la siri la fundi simu wa kijiji kilichokuwa mbele. Jalada lake lilikuwa jepesi. Mwanamke wa miaka hamsini na tano, kibanda kimoja. Kosa lake, kufungua simu zilizofungwa na kampuni za nje, zikawa zinakubali laini yoyote na kuhamia mtandao wowote. Alikuwa amefungua zaidi ya mia mbili, zikiwemo za askari wa doria ya mpaka. Mwezi uliopita wafanya magendo walijua doria ilipo, wakaivizia. Askari wawili walizikwa. Ofisini walikuwa wameshaamua kwamba fundi ndiye anayewauza.

"Mkuu, kuna mnara bandia huku."

"Nimekuagiza fundi. Sijakuagiza minara."

"Nipe saa mbili tu."

"Kisiki, Mwiba. Basi."

Simu ikakatwa. Mkuu alikuwa mtu wa kiti. Tangu apewe kile cha ofisini chenye magurudumu hakuona tena sababu ya kuinuka.

Mwiba alitia gia.

Kibanda cha fundi kilikuwa cha mabati, na ndani yake meza yenye kioo kilichopasuka na simu kama thelathini zilizopasuliwa matumbo. Moshi wa kulehemu ulinuka mpaka nje. Kijiji kizima kilimwita mwenye kibanda Bisibisi, na yeye mwenyewe alishalisahau jina la kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imekufa au imefungwa?"

"Nzima. Ila inanikaribisha nchi nyingine."

Bisibisi aliguna bila kuinua kichwa. "Hata wewe? Sisi hapa tunasafiri nje kila siku bila pasipoti. Mwezi wa pili huu. Mtu anampigia nesi, nyumba ya tatu tu hapo, anaambiwa huduma ya romingi haipatikani."

Mwiba aliweka kitambulisho chake juu ya kioo.

"Mama, nimetumwa kukukamata."

Fundi alikisoma kitambulisho, akakirudisha, akachukua tena chombo chake cha kulehemu.

"Ngoja nimalize hii, ni ya nesi. Halafu nikwambie kitu, binti. Watu wanaletewa simu na ndugu zao walio mbali. Zinafika zimefungwa, hazitaki laini ya hapa. Mtoto kamtumia mama yake simu, mama kabaki na tofali. Mimi nafungua. Kama hilo ni kosa, nitalirudia kesho."

"Na za askari?"

"Mmoja wao nimemzaa mimi." Sasa aliinua macho, na yalikuwa yamewaka. "Redio zao hazina betri tangu mwaka juzi. Ulitaka waitane kwa mbinja?"

"Leo wako wapi?"

"Saa kumi wanavuka bonde la mto. Mwanangu yumo."

Saa ya Mwiba ilionyesha saa nane na nusu. Aliogopa, na hakujifichia kwamba ameogopa. Mnara bandia unapiga kelele kuliko mnara wa kweli, na simu iliyofunguliwa hukimbilia anayepiga kelele zaidi. Yeyote aliyekuwa na mnara ule alikuwa anawaona askari wale mmoja mmoja, hatua kwa hatua.

"Mama, kuna mgeni yeyote aliyekuletea simu umfungulie?"

Bisibisi alivuta daftari lenye jalada gumu. Kila simu ina namba yake ya utambulisho, tarakimu kumi na tano, na yeye hakuwahi kufungua simu bila kuiandika. Wateja ni wajanja. Leo unamfungulia hii, kesho anakuletea nyingine iliyoanguka chooni, anaapa ndiyo ile ile.

"Huyu hapa. Mhandisi wa visima. Alileta sita, zote za aina moja. Nikamwambia nitazifungua, lakini simu za aina hii haziusikii mnara wetu. Mnara wetu unatumia masafa ambayo hizi hazina kabisa. Kwingine zitafanya kazi, hapa zitakuwa viziwi."

"Akasema nini?"

"Akacheka. Akasema, 'Usijali mama, mtandao tunao wenyewe.'"

Wakatazamana.

"Anakaa wapi?"

"Pale kwenye tangi."

Tangi la bati lilikuwa juu ya vyuma vya mita kumi, ndani ya uzio, mwisho wa kijiji. Wanawake walipita chini yake na ndoo tupu bila hata kulitupia jicho. Mwiba alitoa darubini yake ya Zeiss na kulikagua kuanzia juu. Hakuna bomba lililoshuka. Kulikuwa na waya tu, mnene kama mkono wa mtoto.

"Baki hapa, mama."

"Nibaki niuze vocha? Mitambo ya humo ndani utaiweza?"

"Hapana."

"Basi usinipotezee muda. Twende."

Saa tisa na robo.

Mlinzi alikuwa kwenye kigoda getini, AK-47 mapajani, anachokonoa meno. Bisibisi alimwendea moja kwa moja na kisanduku chake cha vifaa.

"Mwanangu, Mhandisi kaniita. Ana simu imezima."

Mlinzi aligeuka kutazama juu ya tangi. Kiwiko cha Mwiba, aliyemzunguka kwa nyuma, kikamkuta chini ya sikio. Hakuguna hata kidogo. Alifungwa mikono kwa waya wa chaja, akalazwa kivulini, maana jua lilikuwa kali na Mwiba hakuwa mkatili.

Wakapanda ngazi. Ubavuni mwa tangi kulikuwa na mlango mdogo. Mwiba aliupiga teke.

Ndani kulikuwa na kiyoyozi, betri kubwa kumi na mbili, na mwanamume mwenye vipokea sauti masikioni mbele ya kompyuta. Mkono wake ulienda kwenye droo.

Glock ya Mwiba ikalia mara moja. Droo ikapasuka.

"Ya pili naipeleka kwenye goti," alisema.

Mhandisi aliinua mikono. Alikuwa na uso wa mtu aliyezoea kulipwa vizuri. "Umechelewa, dada. Dakika thelathini zimebaki. Na bondeni hakuna mtandao wowote ila wangu. Utawaambiaje?"

"Ndiyo maana nimekuja kuuazima."

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na ramani, na kwenye ramani nukta zaidi ya mia. Hazikuwa na majina. Kila nukta ilikuwa na tarakimu kumi na tano tu. Mwiba alizitazama akaona kichwa kinamzunguka.

Bisibisi alivaa miwani. Akalamba kidole, akafungua daftari.

"Hii ni ya mwalimu. Hii ya muuza mkaa. Hii ya Mhandisi, ya kwanza... ya pili..." Kidole kilikuwa kinatembea kwenye karatasi bila haraka, na Mwiba alitamani kukisukuma. "Nne ziko kwenye vichaka, ng'ambo ya mto. Mbili nyuma ya kilima, hazitembei."

"Malori. Yanangoja yaambiwe njia ni nyeupe. Na doria?"

Bisibisi hakuhitaji daftari. Nukta nane zilikuwa zinateremka bondeni kwa mstari mmoja, na aliigusa ya tatu kwa ncha ya kidole.

"Huyu hapa wangu."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili wafike mtoni.

Mwiba alianza kuandika ujumbe. "Kwa kamanda wa doria. Taarifa ya dharura kutoka..."

"Toka hapo," alisema Bisibisi. "Hiyo watadhani ni mtego. Hata mimi ningedhani." Aliweka namba yake kama mtumaji, akaandika mwenyewe kwa vidole viwili.

"We kitindamimba. Rudi nyuma sasa hivi na wenzako. Watu wanne wenye bunduki ng'ambo, kwenye vichaka vya upande wa mawe. Malori mawili nyuma ya kilima. Usibishane na mimi."

Ukaenda.

Nukta nane ziliendelea kuteremka.

Zikateremka tena.

Zikasimama.

Kisha zikageuka, moja baada ya nyingine, zikaanza kuzunguka kwa upande wa juu wa mto.

"Nizime mitambo?" aliuliza Bisibisi.

"Usizime!" Mhandisi aliruka kitini. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kutetemeka, na Mwiba akampenda kwa hilo. Simu za kijiji kizima zingerudi kwenye mnara wao wa siku zote, kwa kusuasua. Zile sita zisingeweza. Wenye bunduki na wenye malori wote walikuwa wanangoja neno kutoka tangi hili.

"Zima, mama."

Feni za mitambo zikanyamaza.

Saa kumi ikafika, ikapita. Kutoka mbali walisikia milio ya risasi, mitatu, kisha mingi, kisha hakuna. Bisibisi alikaa juu ya betri na simu yake mapajani. Kijistari kimoja cha mtandao kilitokea, kikapotea, kikatokea. Mwiba akamshika mkono.

Saa kumi na dakika ishirini na tano simu ililia.

"Mama."

Bisibisi aliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Mama, unanisikia? Nimepanda kilimani kutafuta mtandao. Tuko wote nane. Malori tumeyakamata, yamejaa baruti. Wale jamaa tumewakuta wamenyoosha simu juu, wanatafuta mtandao." Kijana alishusha sauti. "Lakini mama, kitindamimba? Nimeusoma kwa sauti mbele ya kikosi kizima."

"Wataizoea," alisema Bisibisi. Kisha akalia, bila kujizuia.

Thuraya nayo ikalia mfukoni. Mwiba alitoka nje, juu ya ngazi, kuipokea.

"Kisiki kimeng'oka?"

"Kipo palepale. Mnara bandia umezimwa, mwenyewe nimemfunga. Malori mawili ya baruti yamekamatwa. Doria nzima iko hai."

Kiti cha Mkuu kililia. "Safi. Sasa mlete fundi. Sheria ni sheria. Asingefungua zile simu, haya yote yasingetokea."

"Askari wako wangebaki bila redio na bila simu. Nakataa."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mbele ya meza yako nikatae tena, unione usoni. Waite na mashahidi."

Akakata yeye.

Bisibisi alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, kisanduku begani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kazini. Simu ya nesi haijaisha."

Mwiba alirudisha bastola kiunoni, akajipangusa vumbi la suruali, akamtanguliza Mhandisi ngazini, akalifuata gari lake bila haraka yoyote.