Waya za Marehemu Bulonza

Spika ya kushoto ilikohoa, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Adalbert alicheka. Kucheka ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili. Vita viliporudi Bukavu aliwaambia majirani kwamba angalau risasi zina stereo, zinaanzia kushoto zinaishia kulia. Sebule yake aliiita sinema. Alikuwa na ule ugonjwa tunaoujua sisi wanaume wa kupenda vyombo: televisheni, video, spika nne, na sasa ampli ya kukuza sauti yenye nguvu zaidi na waya nene za shaba, alizozifukia ukutani kwa saruji na kuzipaka rangi.

Ampli na waya vilikuwa vya shemeji yake Bulonza, aliyeuawa kwenye barabara ya Sange. Kilio kilikuwa hakijaondolewa, na kabla hakijaondolewa hata kijiko hakitoki nyumbani mwa marehemu. Adalbert alivibeba siku iliyofuata mazishi.

"Basoda batakuya kuiba hii vitu," alimwambia dada yake Agathe, mjane wa Bulonza, akiwasingizia askari. "Afazali ibebwe na ndugu."

Agathe hakucheka.

Baada ya kikohozi ilikuja harufu ya udongo mbichi. Kisha, mchana mmoja mvua ikipiga mabati, mkewe Eulalie akaacha kuchambua maharage.

"Papa Larissa," alinong'ona, "ile kitu inaita mutoto."

"Ni radio ya basoda inaingilia."

"Radio ya basoda inajua jina ya mutoto yetu?"

Maman Monique wa kikundi cha maombi aliitwa. Alifika mlangoni, akakataa kuingia. "Muzimu iko na kasirani. Rudisha yote. Na mutoto asiitike. Akiitika, iko yake."

Adalbert akarudisha ampli.

"Na waya?" Agathe akauliza.

"Dada, nibomoe ukuta ya rangi mupya sababu ya waya? Bulonza hakukuwa muchoyo hivyo."

Alirudi nyumbani, akang'oa spika zake zote kwa tahadhari, akavuta kiti akae afurahie ushindi, na hapo ndipo ukuta wenyewe, ukuta mtupu, ulipoanza kunguruma kama lori linalopanda mlima, harufu ya udongo ikatoka kwenye rangi, na sauti ya Bulonza, si ile ya siku ya harusi yake na Agathe bali ya mtu mwenye mchanga mdomoni, ikaita Larissa, Larissa, Larissa, na kabla Eulalie hajamziba mdomo, yule mtoto wa miaka sita, aliyelelewa kumheshimu kila mkubwa, akamwitikia mume wa shangazi yake:

"Nakuya, tonton."

Akaanza kutembea kuelekea ukutani. Mama yake alimshika, akaburutwa naye.

Adalbert alinyakua nyundo. Alibomoa mpaka waya ikaonekana, akaishika. Ilikuwa na joto kama mkono wa mgonjwa. Akavuta. Kutoka ndani ya ukuta, mtu akavuta. Akaachia kwa hofu, na Larissa akapiga hatua. Akashika tena, mtoto akasimama.

"Shemeji," alibembeleza, "mwizi ni mie. Acha mutoto."

Ukuta ukajibu kwa upole: "Basi kuya wewe."

Adalbert alimtazama binti yake. Alitafuta utani, hakuupata.

"Nakuya," akaitika, na waya ikamvuta ndani ya ukuta, mkono mpaka begani, kisha mwili mzima.

Larissa aliangukia mikononi mwa mama yake, akilia. Eulalie aliinua uso amwite mumewe, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili, asije akaitikiwa na ukuta. Pale palipobomolewa saruji ilikuwa imezibika na kukauka, na rangi haikuwa na hata mkwaruzo.