Dakika Tano za Steki

"Shangazi anaumwa meno. Mtafutie steki laini kabla ya saa nane."

Simu ikakatika.

Sindano alivuta zipu ya koti juu ya bastola yake, Glock 19, na kumpungia mkono dereva wa teksi. Maana ya maneno yale aliijua. Bwana Barafu alikuwa katika mji huu wa mapumziko mlimani. Saa nane mchana lori lake la friji lingevuka mpaka, na ndani yake, chini ya mapaja ya ng'ombe, kulikuwa na makombora manne ya kutungulia ndege za abiria.

Malori ya friji yalipanda mlima ule kutwa kucha kupeleka nyama mahotelini. Lipi lilikuwa lenyewe? Alijua Bwana Barafu peke yake.

Na sura ya Bwana Barafu hakuna aliyeijua.

Aliyewahi kukaa naye meza moja alikuwa mdogo wake Sindano, jasusi kama yeye. Wiki saba zilizopita alituma ujumbe wake wa mwisho: "Ni mpishi wa zamani. Hagusi steki mpaka itulie dakika tano. Anaifunika, anaweka saa mezani." Nusu saa baadaye alifungiwa katika chumba cha barafu cha hoteli, akiwa bado hai. Kucha zake zilibaki mlangoni.

Mama yao ndiye aliyempokea mwanawe akiwa mgumu kama gogo. Hakulia. Alimshika Sindano mkono na kumwambia neno moja tu: "Usimuue. Nataka aishi, anyimwe."

Sindano alitaka kumuua. Alitaka hivyo asubuhi, mchana na hata akipiga mswaki.

"Dada, steki ya watalii au steki ya watu?" dereva aliuliza.

"Tofauti yake?"

"Hoteli ya juu, nyama inakuja na majani mabichi na kinanda pembeni, unatoka na njaa yako ileile. Pale kwenye kituo cha magari ya kamba yanayopandisha watalii kileleni, wanaikausha mpaka unaionea huruma. Lakini kuna mama mmoja nyuma ya karakana ya matairi. Viti vinayumba. Mkaa mtupu. Na mama hataki kuharakishwa, ukimharakisha anakufukuza."

"Wapishi wa mahoteli wanakula wapi?"

Dereva alicheka. "Kwa huyo huyo mama. Unafikiri wanakula wanachopika?"

"Nipeleke huko."

Saa saba na dakika kumi. Meza nane, moshi, wapanda mlima wenye viatu vya matope wakishambulia sahani kana kwamba nyama itawakimbia.

Isipokuwa mmoja.

Mzee nadhifu, sweta ya kijivu, mezani karibu na dirisha. Mbele yake sahani imefunikwa na sahani. Pembeni, saa ya Casio na simu.

"Nimempata," Sindano alinong'ona kwenye kola. Kidude cha sikioni kikakoroma, sauti ileile ya simu ya asubuhi.

"Sindano, hai. Tunamtaka hai."

"Nimesikia."

"Umesikia au umeelewa?"

Sindano alikuwa ameshaanza kutembea.

Meza ya pili alikaa mlinzi, shingo nene, mdomo umejaa. Sindano alipita, akadondosha leso, akainama. Kalamu yake ilikuwa na kila kitu isipokuwa wino. Ikamgusa mlinzi pajani.

Mlinzi akalala taratibu, shavu juu ya viazi.

Sindano akavuta kiti mbele ya mzee.

"Kuna mtu hapo," mzee alisema bila kuinua macho.

"Najua. Mdogo wangu."

Hapo akainua macho. Bastola ilikuwa chini ya leso, ikimtazama tumboni. Alimwangalia mlinzi. Aliangalia mlango. Mwisho aliangalia Casio, na Sindano akaona kwamba hata sasa mtu huyu anahesabu.

"Bado dakika mbili," mzee alisema. "Ukiikata mapema, maji yake yote yanamwagika. Kijana yule hakuwa na subira. Wewe je?"

Kidole cha Sindano kilikaza. Milimita moja tu, na wiki saba za chuki zingeisha. Akaisikia sauti ya mama yake. Anyimwe.

Mzee akairukia simu.

Kisu cha steki kilifika kwanza. Kilipita mkono wa sweta, kikazama katika mbao. Sindano akakibana kidole gumba cha mzee juu ya kioo cha simu mpaka ikafunguka, akaandika kwa dereva wa lori: *Uko wapi?*

Jibu lilikuja papo hapo: *Ghala la maziwa, bosi. Kama ulivyosema.*

"Ghala la maziwa," Sindano alinong'ona kwenye kola.

Dakika moja. Moja na nusu. Mzee alitokwa na kijasho chembamba.

"Tumelikamata," sauti ya sikioni ilisema. "Makombora manne yote. Vijana wetu wapo hapo mlangoni."

Casio ikalia. Tit-tit-tit.

Sindano alimfunga pingu kwenye mguu wa meza, akafunua sahani na kuivuta upande wake. Nyama ilikuwa nyekundu katikati, yenye maji yake yote. Alikata kipande, akatafuna. Kwa mkono wa kushoto akapiga simu nyumbani.

"Mama. Yuko mbele yangu. Hai."

"Anakula?" mama aliuliza.

"Hapana. Mimi ndiye ninayekula. Steki yake."

Mzee alimeza mate. Alishindwa kujizuia. "Ni... ni laini?"

Sindano alikata kipande kingine.

"Vizuri," mama alisema, na sauti ikamkatika kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Kula, mwanangu. Kula taratibu. Usimbakishie."

Hakumbakishia. Alipangusa midomo, akamshukuru mama wa jikoni, akapishana mlangoni na vijana wenye bunduki na kutoka kwenye jua la mlimani, akitembea polepole kama mtu aliyeshiba.