Pini Isiyouma

Kila asubuhi Uzi aliamshwa na mlio wa cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa sare za shule, na binti huyo, aliyeitwa Uzi kwa wembamba wake, alifagia vipande vya vitambaa na kuokota pini kabla ya kwenda shule.

Asubuhi hiyo cherehani ilikuwa kimya. Jana yake Mama alichomwa sindano ya uti wa mgongo hospitalini, kutuliza maumivu ya kiuno yaliyomtesa mwaka mzima. Maumivu yaliisha kweli, lakini sasa miguu ilikuwa mizito.

"Ni ganzi ya dawa tu," alisema Mama, akijikongoja kwa kushika meza hadi kitini. "Itaisha."

Uzi aliinama kufagia. Lo! Matone ya damu sakafuni. Pini ilikuwa imezama yote kwenye unyayo wa Mama.

"Mama, umechomwa na pini!"

"Wapi?" aliuliza Mama, akitazama vidole vya mikono.

Uzi aliichomoa. Mama hakushtuka hata kidogo. Uzi akazisugua nyayo zile, akazifinya. Wapi! Zilikuwa kama za mtu mwingine. Angefanya nini, mtoto wa miaka kumi na miwili?

"Usimwambie shangazi yako," Mama alisihi. "Atanirudisha hospitali, na sare za watu zinaningoja. Niahidi."

Uzi aliahidi, machozi yakimlengalenga. Alichukua begi, akafika mlangoni, akashindwa kuendelea. Akakimbilia nyumba ya pili.

"Shangazi, nimeahidi nisiseme, lakini nasema!"

Hospitalini, alikokimbizwa na shangazi, Mama alimwambia daktari, "Ganzi kidogo tu."

"Si kidogo," Uzi alidakia, akifungua kiganja. "Pini hii ilizama yote, hakuhisi."

Daktari hakungoja. Picha ilionyesha damu iliyovujia ndani ya uti wa mgongo, ikibana mishipa ya fahamu. Mama akakimbizwa chumba cha upasuaji. Uzi alibaki kwenye benchi, ameishika pini yake, hana la kufanya ila kulia.

Siku ya tano baada ya upasuaji, daktari alimgusa Mama kidole cha mguu kwa ncha ya kijiti.

"Aa! Daktari, unaniua!"

Uzi alicheka huku akilia.

"Sindano hii huwasaidia wengi, na tatizo hili ni nadra," alisema daktari. "Lakini ganzi ikizidi, mguu ukilegea au mkojo ukikataa kutoka, semeni saa hiyo hiyo. Mngechelewa, asingetembea tena."

Mama alimvuta binti yake. "Uzi wangu, ahadi ya kuficha ugonjwa usiishike, hata nikikuomba mimi."