Saa Tatu ya Mama Mizani

Sokoni wote walimwita Mama Mizani. Jina lake la kuzaliwa alilijua yeye na kitambulisho chake. Alikuwa mpimaji kwenye soko la jumla, na mizani yake haikudanganya hata robo kilo. Kila gunia la maharage lilipopimwa na kuuzwa, alichomoa kalamu nyuma ya sikio akaandika mambo matatu: tarehe, saa, na bei ya kilo moja.

Hakuna aliyemtuma. "Mali bila daftari huisha bila habari," alisema kila alipochekwa, kisha akaendelea kuandika. Kwa miaka mitatu alijaza madaftari saba. Aliyapanga juu ya kabati na kuyafunika kitambaa safi. Wageni walidhani ni vitabu vya dini.

Mwaka huo ushirika wao ulipata programu ya kompyuta ya kuuzia mazao. Ukiipa bei za zamani, inachora grafu na kuonyesha ni saa ngapi bei huwa nzuri.

"Nani ana bei za zamani?" Katibu wa ushirika aliuliza mkutanoni.

Watu wote waligeuka kumtazama Mama Mizani. Siku hiyo alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Binti yake alikuwa karani wa shule. Kila alasiri alipotoka kazini, waliketi mezani na kompyuta. Mama alisoma daftari, binti akachapa ndani ya jedwali.

"Saa tatu na nusu asubuhi," mama alisoma.

Binti alichapa 3.30 asb. Baada ya wiki chache maneno yalimchosha, akawa anachapa 3:30 tu. Wote wawili hawakuona ubaya. Soko lao hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Saa tatu ya sokoni ingekuwa ipi tena, kama si ya asubuhi?

Walimaliza mistari elfu mbili na mia nne, wakampelekea Katibu. Jumatano akawaita ofisini. Alikuwa anajizuia kucheka.

"Mama, nusu ya mistari yako programu imeikataa. Nusu nyingine imeisoma. Inasema maharage hupanda bei saa tisa usiku."

"Saa tisa usiku?"

"Ndiyo. Sijui wanunuzi ni akina nani. Labda popo."

Ofisi nzima iliangua kicheko. Mama Mizani hakucheka.

"Daftari langu halisemi uongo," alisema.

"Sijasema ni uongo, mama. Lakini kamati inakutana Jumatatu. Kama bei hizi hazisomeki, tutachukua za soko la mji mwingine."

Bei za watu wengine, kwa maharage yao wenyewe! Miaka mitatu ya kuandika juani itupwe kapuni! Mama Mizani alitoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Njia nzima alimeza machozi. Nyumbani aliyatazama madaftari yake juu ya kabati, akashindwa hata kuyapangusa vumbi.

"Mama, kuuliza si ujinga," binti alisema. Jumamosi asubuhi akamwita jirani yao.

Jirani huyo aliitwa Bi Ratiba. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akipanga ratiba za mabasi ya safari ndefu, zote kwenye jedwali la kompyuta. Watu walisema anajua saa kuliko jogoo.

Bi Ratiba aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakugusa kompyuta. Aliweka simu yake mezani. Ilionyesha 10:15.

"Shoga, saa ngapi sasa?"

"Saa nne na robo," Mama Mizani akajibu.

"Nne umeiona wapi? Mimi hapa naona kumi."

Mama Mizani alitazama tena. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Ni kumi, lakini ni saa nne! Si kila mtu anajua?"

"Kila mtu anajua, isipokuwa kompyuta," Bi Ratiba alisema. "Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa moja baadaye, ni saa moja. Jua likizama tunaanza upya. Kompyuta inaanza kuhesabu katikati ya usiku, na haipumziki mpaka ifike ishirini na nne. Kati yetu na yenyewe kuna tofauti ya saa sita. Ukiiandikia 3:00, inaelewa saa tatu zimepita tangu usiku wa manane. Hiyo sisi tunaiita saa ngapi?"

"Saa tisa usiku," binti alijibu. Akashika kichwa. "Kumbe huko ndiko popo walikotoka!"

"Kwa hiyo daftari halikukosea?" Mama Mizani aliuliza taratibu.

"Halikukosea hata nukta. Limesema kwa lugha yetu. Tulitafutie mkalimani tu."

Mama Mizani alishusha pumzi. Akavuta kiti karibu na kompyuta.

"Kwanza toa nakala," Bi Ratiba alimwambia binti. "Jedwali la asili usiliguse. Tukiharibu, tuwe na pa kurudia."

Binti akatoa nakala.

"Sasa tazama safu ya saa. Unaona 3:30 imesimama kulia, lakini 3.30 asb imeegemea kushoto? Hiyo ya kushoto, kompyuta inaiona kuwa ni maneno. Ndiyo ile nusu iliyokataliwa. Chagua safu hiyo peke yake, usije ukaharibu bei. Badilisha nukta moja iwe nukta mbili. Kisha ndipo ufute asb na mch, yale maneno ya asubuhi na mchana."

"Kwa nini nisianze na maneno?"

"Ukiyafuta kwanza, itabaki 3.30. Kompyuta itaichukua kama namba ya desimali, si saa. Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

Binti alifuata. Saa zote zikahamia kulia. Bi Ratiba akamwelekeza afungue safu mpya pembeni na, kwa kuwa saa ya kwanza ilikuwa kwenye kisanduku B2, aandike: =B2+6/24.

"Mbona sita juu ya ishirini na nne?" Mama Mizani aliuliza. "Si umesema tofauti ni saa sita?"

"Kwenye jedwali, namba moja ni siku nzima. Ukiongeza sita tupu, umeongeza siku sita. Saa sita ni sehemu sita za ishirini na nne."

"Yaani robo siku. Robo naijua. Napima robo kila siku."

Walipanga safu mpya ionyeshe saa ishirini na nne, wakaivuta mpaka chini. 3:00 ikawa 09:00. 8:00 ikawa 14:00. Binti alipiga makofi. Bi Ratiba alinyanyua kikombe chake cha chai, kazi imekwisha.

Mama Mizani alikuwa bado anasoma. Alisoma mstari kwa mstari, kama anavyotazama mshale wa mizani.

"Subirini. Hapa pamekosewa."

Kidole chake kilikuwa juu ya 18:00.

"Hii ni saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo soko limefungwa, mimi niko jikoni. Gunia hili kapima nani?"

Alifungua daftari la tarehe hiyo. Palikuwa pameandikwa: saa kumi na mbili asubuhi.

Bi Ratiba alirudisha kikombe mezani. "Ala! Kumi na mbili ukiongeza sita, unapata kumi na nane. Lakini kumi na mbili ya asubuhi kwa kompyuta ni 06:00. Hiyo haiongezwi sita, inapunguzwa. Shoga, mimi ningeipeleka hivyo hivyo!"

Walichuja mistari yote iliyoanza na 12. Ilikuwa mia tatu na kumi na moja. Wakaipunguzia sita. Kisha Mama Mizani alichagua mistari kumi kutoka kila daftari na kuilinganisha na jedwali, mmoja mmoja. Yote ilikubaliana.

Jumatatu programu ilipokea mistari elfu mbili na mia nne bila kukataa hata mmoja. Grafu ikajichora mbele ya kamati. Bei ilikuwa chini alfajiri, ikapanda polepole, ikafika juu kabisa saa 09:00.

"Saa tatu asubuhi!" Katibu alisema. "Na sisi tunakimbilia kuuza saa kumi na mbili!"

Kamati iliamua mauzo yaanze saa mbili na nusu. Mama Mizani alinunua daftari la nane na kulipigia mistari upya. Safu moja aliandika "saa yetu", ya pili "saa ya kompyuta". Baada ya mwezi mmoja, wakulima walikuwa wanapata bei nzuri kuliko zamani, na hakuna aliyetaja popo tena.

Siku moja Katibu alimwita ofisini. Safari hii alisimama kumpokea.

"Mama, programu inataka jina la mtunza bei. Niandike Mama Mizani?"

Watu ofisini waligeuka kusikiliza.

"Hapana," alisema. Alifungua mkoba, akatoa kitambulisho chake na kukiweka mezani. "Andika hili."

Katibu alilisoma kwa sauti, akalichapa herufi kwa herufi, na mama akainama kuhakikisha.