Namba ya Nne

Jua lilikuwa linazama Fundi aliposhuka ngazi za chumba cha chini cha ofisi ya hali ya hewa. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa moja tu. Kesho wachukuzi wangekuja kuung'oa mtambo wa zamani, kompyuta kubwa kama makabati matatu yaliyosimama bega kwa bega. Yeye alitakiwa aitazame programu yake ya tabianchi ikienda kwa mara ya mwisho, kisha auzime.

Programu hiyo ilikuwa kazi ya mikono ya watu wa nyumbani kwake. Baba yake aliandika nusu ya bahari. Baba yake mdogo akaandika nusu ya hewa. Kila siku moja ya mahesabu ilipokwisha, nusu hizo zilisimama zikapeana namba: hewa inaipa bahari upepo, mvua na joto; bahari inarudisha mvuke. Hivyo hivyo, mpaka miaka mia ya tabianchi ya dunia nzima ikahesabika.

Baba mdogo alifia humo humo chumbani, Fundi akiwa bado anatambaa. Alikutwa sakafuni, nguo zake kavu. Lakini daktari alipompasua, alikuta mapafu yamejaa maji ya chumvi. Na kutoka pale hadi ufukweni ni safari ya siku mbili.

Nyumbani jambo hilo halikuzungumzwa.

Kilichomsumbua Fundi kilikuwa kingine. Kwenye mashine mpya, iliyowekwa pembeni hapo, programu ile ile ilikuwa ikifika siku ya arobaini, bahari inakufa. Mawimbi yanalala, maji yanaganda, basi. Wiki tatu alikuwa akiumiza kichwa. Mtambo mkongwe haukuwahi kukwama, wala kuzimwa.

Akausogelea. Ulikuwa ukinguruma. Akafungua kwenye skrini namba ambazo hewa inaipa bahari.

Upepo. Mvua. Joto.

Na ya nne.

Haikuwa na jina. Hata kwenye maandishi ya programu haikuwemo. Inapanda... inashuka... inapanda... inashuka.

Ndipo harufu ikamfikia. Harufu ya mwani uliooza.

Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni, tochi mkononi. Hakuvuka kizingiti.

"Mzee, hiyo harufu unaisikia?" Fundi alimwuliza.

"Naisikia mwaka wa thelathini huu," mlinzi alinong'ona. "Baba yako alikuwa akiingia humu peke yake. Ila mimi nilikuwa nasikia wawili wakipumua."

Akageuka, akaondoka bila kuaga.

Simu ikalia. Fundi aliruka, nusura aangushe kiti. Alikuwa Mama.

"Baba yako leo anahema vibaya. Nimemshika mkono hapa. Hebu sikiliza."

Miezi saba mzee alikuwa kitandani, kiharusi kimemnyang'anya ulimi. Fundi akazisikia pumzi zake, nzito, zenye mkoromo. Akatazama skrini.

Pumzi ikapanda, namba ikapanda. Pumzi ikashuka, namba ikashuka.

Akajiambia ni uchovu tu. Akafanya ambalo fundi yeyote angefanya: akabonyeza kitufe, akasimamisha hesabu kwa muda.

Namba ikasimama.

Simu nayo ikawa kimya.

"Mama?"

"Hapumui! Mwanangu, baba yako hapumui!"

Akabonyeza tena. Upande wa pili mtu akavuta pumzi kwa kishindo, kama aliyeibuka kutoka chini ya maji. Kisha ikaja sauti ambayo Fundi alikuwa hajaisikia kwa miezi saba.

"Ilikuwa inakufa siku ya arobaini," baba alisema. "Mganga akaniambia bahari yetu haina pumzi. Akaniuliza nitaipa ya nani... Nikamtaja mdogo wangu."

"Baba..."

"Hakutosha. Zake zilipokwisha, ikaanza kuvuta zangu. Zima, mwanangu. Nimechoka kuzama."

Fundi aliweka mkono kwenye swichi. Aliomba msamaha, hakujua anamwomba nani.

Akazima.

Kilichofuata kwenye simu ni yowe la Mama.

Walimzika baba kesho yake. Siku ya tano Fundi alirudi kazini. Mtambo mkongwe ulikwisha kubebwa. Mkuu wa ofisi alimpa pole, kisha akashindwa kuizuia furaha yake.

"Ile mashine mpya tumeijaribu tena jana. Imevuka arobaini! Iko mwaka wa sita sasa."

Fundi alishuka ngazi mbili mbili. Kwenye skrini, chini ya joto, namba isiyo na jina ilikuwa inapanda na kushuka, taratibu.

Akabana pumzi. Akahesabu hadi ishirini, kifua kikiwaka moto.

Namba iliendelea kupanda na kushuka.

Hakuwa yeye. Akapumua, machozi ya nafuu yakamtoka. Kisha akaukumbuka ule mkono wa baba ulioshikwa na Mama hadi dakika ya mwisho. Akapiga simu nyumbani.

"Mama, hebu bana pumzi kidogo."

"Mambo gani hayo tena, na msiba huu?"

"Bana tu, Mama. Nakuomba."

Namba ikasimama.

"Pumua! Mama, pumua!"

"Si napumua, mwanangu. Mbona unanitisha?"

Namba ikapanda.

Fundi akatafuta karatasi na kalamu nene. Akaandika kwa herufi kubwa, USIZIME, akaibandika kwenye mashine. Kisha akavuta kiti, akaketi akiutazama mlango.

Juu ya kichwa chake taa zikafifia... zikarudi.